Fugwe zikioana, mkulima huvuna masizi

Leo nawaombeni tuzungumze juu ya kitu cheusi.

Sisi tuliozaliwa vijijini huku Shinyanga tulikijua kitu hicho tungali watoto, kabla hatujajua jina lake. Mtama ulipotoa masuke tulipita mashambani tukitafuta suke lililogeuka kuwa vumbi jeusi. Tulipolipata tulilivunja, tukajipaka usoni, tukajichorea masharubu na ndevu, tukacheza kuwa wazee wa baraza. Kisha tulikimbizana katikati ya shamba, vumbi likitufuata nyuma kama moshi wa treni. Hakuna mtu mzima aliyetukemea. Ni baadaye sana nilipoelewa kwamba katika michezo ile tulikuwa tukipanda ugonjwa.

Jina la kitu hicho ni fugwe. Wapo wanaoiita masizi ya mtama, na kwa macho hawakukosea. Wapo wazee waliosema ni jua kali limeunguza suke, wapo waliosema ni mvua iliyonyesha vibaya, na wapo waliomtazama jirani kwa jicho la shaka. Ukweli ni kwamba fugwe ni kiumbe hai. Ni ukungu, jamaa wa mbali wa uyoga, na kila chembe ya vumbi lile ni mbegu yake, ambayo wataalamu huiita spora. Spora moja huwezi kuiona kwa jicho. Suke moja lililoharibika hubeba spora kwa mamilioni.

Lakini sikuja hapa leo kusema tu kwamba fugwe ni mbaya, maana hilo kila mkulima analijua. Nataka kueleza jambo moja ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua, nalo ni kwamba fugwe huoana. Tena, fugwe za aina mbili mbalimbali zikikutana shambani zinaweza kuoana zenyewe kwa zenyewe na kuzaa chotara. Na wanaozikutanisha, mara nyingi, ni sisi wenyewe.

Nitaanza na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na shughuli upande wa Geita, katika mji mmoja wa wachimbaji wadogo. Wanaoijua miji ile wanafahamu hali yake. Watu hutoka Kigoma, Tabora, Mara, Singida na Kagera, wengine huvuka mpaka, kila mmoja akifuata bahati yake chini ya ardhi. Na mahali penye watu wengi wenye njaa na fedha kidogo mkononi, chakula hufuata. Sokoni pale nilikuta mtama wa kila rangi, magunia yamepangwa, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika gunia gani limetoka wapi. Nikauona mtama mweupe, punje nene, unaopendeza kuutazama. Nikanunua madebe mawili, nikampelekea mama yangu Kishapu. Nikamwambia, "Mama, huu usiusage wote. Mwingine uupande."

Mama aliupokea kwa mikono miwili. Msimu wa kwanza aliona masuke machache yaliyoharibika, hapa moja, pale moja. Hakushtuka. Alivuna, akapura yote pamoja, akaweka mbegu ya mwaka unaofuata kwenye kihenge. Msimu wa pili shamba lilibadilika. Aliponipigia simu hakulalamika wala hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ile mbegu uliyoniletea uliitoa wapi?"

Swali hilo lilinifanya nipande basi. Nilipofika tulimwita bwana shamba, kijana mpole. Alimsalimu mama, "Shikamoo, mayu," kama inavyostahili, kisha akaingia shambani peke yake. Alitoka ameshika masuke mawili. Akasema, "Mama, hapa huna mgeni mmoja. Una wageni wawili."

Suke la kwanza, kwa mbali, ungedhani ni zima. Lakini kila punje ilikuwa imegeuka kifuko kidogo cha rangi ya kijivu, kimechongoka kidogo mbele. Bwana shamba alikiminya kimoja kwa kucha, masizi yakamwagika. Hii ndiyo fugwe iliyofunikwa, na ukungu wake huitwa kitaalamu Sporisorium sorghi. Ujanja wake ni ule utando. Suke halitoi vumbi shambani, hungoja mpaka siku ya kupura. Fimbo zinapoanguka, vifuko hupasuka, na vumbi hushika kwenye punje nzima zilizo jirani. Mkulima hupeta, huona mbegu safi, huiweka. Kumbe ameweka na ugonjwa. Mvua ikinyesha na mbegu ikipandwa, spora nayo huamka, huingia kwenye chipukizi kabla halijatoka ardhini, na kupanda juu pamoja na mmea bila kuonyesha dalili yoyote. Mkulima hupalilia mara mbili, hufukuza ndege, hushukuru Mungu kwa mvua, na siku ya suke ndipo anapoonyeshwa mgeni aliyekaa naye nyumbani msimu mzima.

Suke la pili lilikuwa jingine. Mmea wake ulikuwa mfupi kuliko wenzake na ulikuwa umetoa suke mapema. Utando ulikuwa umekwisha kupasuka, vumbi limepeperushwa na upepo, na mahali pa punje vilibaki vijiti vyeusi vilivyojipinda. Hii ni fugwe iliyo wazi, Sporisorium cruentum. Nayo pia husafiri hasa juu ya mbegu.

Yuko na ndugu yao wa tatu, ambaye kwa mama hakuwapo: fugwe ya kichwa, Sporisorium reilianum. Huyu hashughuliki na punje mojamoja. Hugeuza suke zima kuwa fuko moja kubwa jeupe, na fuko likipasuka hubaki masizi na nyuzinyuzi kama za katani. Yeye hategemei mbegu. Spora zake hukaa udongoni kwa miaka zikisubiri.

Nikamwuliza yule kijana, kama mtu anayetaka kujipunguzia hatia, "Je, wageni wawili ni wabaya kuliko mmoja?" Akacheka kidogo. "Kaka, kwa mwaka huu ni hasara ileile. Shida ni kwamba hawa ni ndugu, na wanaweza kuoana."

Jambo hilo halikunitoka kichwani. Nilikwenda kulisoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Spora ya fugwe ina seti mbili za kromosomu, yaani seti mbili za maagizo ya urithi, moja kutoka kwa kila mzazi. Inapoamka, huchanganya maagizo hayo kama mtu anayechanga karata, kisha huyagawa kwa watoto wanne. Watoto hao huzaana kwa kuchipua, mfano wa hamira kwenye unga wa maandazi, na kila kimoja kina seti moja tu ya maagizo. Sasa sikilizeni vizuri: watoto hao, kila kimoja peke yake, hawana madhara kwa mmea. Chembe moja ya fugwe haiwezi kuingia kwenye mtama. Ni lazima kwanza itafute mwenzi, ziungane, ndipo utokee uzi wenye viini viwili, na uzi huo ndio unaotoboa mmea. Kwa maneno mengine, kwa fugwe harusi ndiyo ugonjwa. Pasipo harusi hakuna hasara.

Na harusi yenyewe haifungwi ovyo. Fikirini sanduku la dhahabu la washirika wawili wasioaminiana. Huwekewa kufuli mbili, kila mmoja akachukua ufunguo wake, na halifunguki mpaka wote wawili wawepo. Fugwe nayo ina kufuli mbili katika urithi wake, na wataalamu wamezipa majina mafupi sana: a na b.

Kufuli ya kwanza ni ya kuitana. Kila chembe hutoa kemikali kidogo inayosambaa kama harufu, na kila chembe ina kipokezi cha kuitambua harufu. Lakini kipokezi chake hakitambui harufu ya wenye aina yake. Hutambua ya aina nyingine tu. Zikisikiana, kila moja huota mrija mwembamba kuelekea kwa mwenzake mpaka zigusane na kuungana. Hakuna dume wala jike hapa, ni aina tu. Kwa fugwe ya mahindi yenye mavimbe, Ustilago maydis, ambayo ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote, aina za kufuli hii ni 2. Kwa fugwe ya kichwa ni 3.

Kufuli ya pili hufanya kazi baada ya kuungana. Kila upande huleta protini ambazo peke yake hazitoshi, kama nusu za ufunguo. Nusu hizo hushikana pale tu zinapotoka katika aina tofauti za kufuli hiyo. Zikishikana, ufunguo hukamilika, nao huamrisha jeni nyingine: acheni kuishi kama hamira, geukeni uzi, ingieni kwenye mmea. Aina za kufuli hii ya pili katika fugwe ya mahindi ni nyingi, takriban 20. Maana yake ni kwamba ndugu wa tumbo moja mara nyingi hukataliwa, na mgeni hukubaliwa. Kwetu kijana akitaka kuoa huulizwa kwanza habari za ukoo. Ukungu nao, bila baraza la wazee, una sheria yake ya kuoa nje.

Hapo ndipo linapozuka swali letu. Ikiwa ukungu hupenda mgeni, mgeni huyo anaweza kuwa wa mbali kiasi gani?

Kwa wanyama tumezoea kuona mpaka. Punda na farasi huzaa baghala, naye baghala hazai, mambo yanaishia hapo. Kwa fugwe mpaka ni mwepesi zaidi. Ile kemikali ya kuitana ni ya kale sana, ya kale kuliko kutengana kwa fugwe hizi kuwa spishi mbalimbali. Kwa hiyo jamaa waliokwisha kuachana zamani bado husikiana wakiitana. Mfano tunao hapa hapa: Msukuma wa Kishapu akifika Tabora, huzungumza na Mnyamwezi nao wakaelewana, ingawa kila mmoja ana kwao. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani walieleza katika jarida la PLoS Genetics jinsi walivyozikutanisha maabara fugwe za spishi mbalimbali za jamii ya nyasi, na nyingi zikaitikiana na kuanza kuungana, hata zile zisizo jamaa wa karibu.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1932 mtaalamu wa Marekani, Rodenhiser, aliandika juu ya kuoana kwa hizo fugwe mbili nilizoonyeshwa na bwana shamba, iliyofunikwa na iliyo wazi. Alichukua chembe za huku na za kule, akazikutanisha, akazitia kwenye mtama, na mtama ukaugua fugwe ya chotara. Mwaka 1935 wenzake wawili, Tyler na Shumway, wakatoa habari ya kuioza fugwe iliyofunikwa na ile ya kichwa. Kwa hiyo ndugu wote watatu wa mtama wanajulikana kuwa wanaweza kufika kwenye mkeka mmoja.

Pengine kuna msikilizaji anayesema: na waoane, itanihusu nini mimi? Mtama ulioharibiwa na chotara na mtama ulioharibiwa na fugwe halisi, wote hauliwi.

Ni kweli. Lakini tazama mbali kidogo. Ile karata niliyoitaja huchangwa upya kila kizazi. Chotara akizaa, watoto wake hawafanani. Mmoja anaweza kurithi kwa mzazi mmoja utando wa kujificha mpaka siku ya kupura, na kwa mzazi wa pili uwezo wa kuishambulia mbegu ambayo mzazi wa kwanza aliishindwa. Mtaalamu wa mbegu hukaa miaka mingi akitafuta mtama unaohimili fugwe ya mahali fulani. Anajenga boma kwa kumtazama adui anayemjua. Chotara ni adui aliyechukua kiatu kwa huyu na mkuki kwa yule, akaja kwa njia ambayo boma halikuitazamia.

Tusitiane hofu bure. Chotara wengi ni dhaifu. Maagizo ya wazazi wawili wa spishi mbalimbali mara nyingi hayapatani, na mmea nao una ulinzi wake. Mwaka 2021 watafiti wa Kanada walitoa matokeo yao juu ya chotara wa Ustilago maydis na fugwe ya kichwa: aliweza kukua ndani ya muhindi, lakini hakuwa na ukali wa mzazi wake Ustilago maydis. Na fugwe ya kichwa yenyewe ina matawi mawili, moja la mtama na moja la mahindi. Mwaka 2016 wataalamu wa Ujerumani walionyesha kinachoyatenga. Tawi la mahindi likiingia kwenye mtama, mtama hujitetea kwa nguvu kwa kemikali zake, na ukungu huzuiliwa usifike kwenye kilele ambako suke litatokea. Lakini tawi la mtama likiingia kwenye muhindi, hupenya, hukua, hufika mpaka kileleni, ila hushindwa kuzaa spora. Tafakarini hilo, enyi mnaochanganya mahindi na mtama shamba moja, kama tufanyavyo wengi. Mlango wa mtama umefungwa kwa komeo. Mlango wa muhindi umeegeshwa tu.

Na upo ushahidi kwamba mlango unaweza kusukumwa. Huko Ulaya wakulima walipewa nafaka mpya iitwayo triticale, ambayo yenyewe ni chotara wa ngano na nafaka nyingine iitwayo shayiri nyeusi, au rai. Mwanzoni nafaka hiyo haikusumbuliwa na ugonjwa wa ukungu mweupe wa majani. Mwaka 2001 ukaonekana ukungu uliokuwa ukiishambulia. Mwaka 2016 wanasayansi, wakiongozwa na wale wa Chuo Kikuu cha Zürich, walisoma urithi wa ukungu huo na kukuta kwamba nao ni chotara: mzazi mmoja ni ukungu wa ngano, mzazi wa pili ni ukungu wa rai. Binadamu walioza mimea, na maradhi yakafuata nyayo zao mpaka madhabahuni. Ule si ukoo wa fugwe, lakini somo ni lile lile.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta kilio. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulikwisha kulipa gharama ya chotara, ila wengi hatukujua kwamba ndiye tuliyekuwa tukimlipa. Mnakumbuka batobato kali la muhogo? Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilizuka Uganda, likakausha mashamba kiasi kwamba sehemu nyingi wakulima waliacha kabisa kulima muhogo. Likavuka mpaka, likafika Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha likaendelea katika mikoa mingine ya Ziwa. Mwaka 1997 wataalamu walieleza chanzo chake. Virusi vya batobato vilikuwa vya aina mbili, vya Afrika kwa jumla na vya Afrika Mashariki. Virusi si ukungu na havina harusi, lakini vikikutana ndani ya mmea mmoja vinaweza kubadilishana vipande vya urithi. Hicho ndicho kilichotokea. Kilitoka kirusi chotara, mwili wa huyu na kipande cha yule, nzi weupe wakakibeba, na fito za kupanda ambazo watu walipeana kwa wema zikakibeba mbali zaidi. Ndugu akampa ndugu yake mzigo wa fito, wakaagana kwa furaha.

Hapo ndipo ninapojiona mimi, na madebe yangu mawili.

Hata pasipo chotara, hasara ya mama ilikuwa hasara. Fugwe mbili zilizokuwa shambani mwake zilikuwa za kawaida, zile zinazojulikana miaka yote. Lakini niliyemletea mgeni ni mimi. Kama fugwe moja ilikuwa imekaa Kishapu kwa miaka na nyingine imetoka mkoa mwingine, gunia langu ndilo lililokuwa mshenga. Ukungu hauna miguu. Upepo huupeleka shamba la jirani, lakini aliyeupeleka mamia ya kilometa ni basi, lori na mtoto mwenye mapenzi mema. Na miji ya dhahabu kama ile ya Geita na Kahama ni njia panda ya nafaka za nchi nzima. Anayechimba pale huwa na shamba kwao. Kila anaporudi likizo hubeba kitu.

Sisemi tusitembee, wala tusipelekeane chakula. Nasema tutenganishe mambo mawili ambayo macho huyaona kuwa ni kitu kimoja: chakula na mbegu. Nafaka ya sokoni ni chakula. Isage, ipike, ule, ushukuru. Usiipande. Ukitaka mbegu, tafuta iliyokaguliwa. TOSCI ndiyo taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa mbegu, na zipo pia mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo huzalishwa na wakulima wenyewe vijijini chini ya ukaguzi na kuuzwa hapo hapo jirani. Mwulizeni bwana shamba au bibi shamba wenu.

Pili, kama unatumia mbegu yako mwenyewe, ichague ingali shambani. Pita kabla ya mavuno, funga kitambaa kwenye masuke mazima yaliyo mbali na yaliyougua, na hayo uyapure peke yake, mahali pake, siku yake. Usipure mbegu kwenye uwanja uliokwisha kupuria masuke yenye fugwe. Kabla ya kupanda, ichanganye mbegu na dawa ya unga ya kuua ukungu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kwa kuwa fugwe iliyofunikwa na iliyo wazi hupanda juu ya punje, dawa huzikuta pale pale zilipo. Mbegu iliyotiwa dawa haili mtu wala kuku. Huko Ethiopia wamejaribu pia kuloweka mbegu katika mkojo wa ng'ombe, na wameona fugwe iliyofunikwa ikipungua. Ng'ombe huku hatujapungukiwa.

Tatu, suke lililoharibika lisiachwe lipasuke. Nenda asubuhi kungali na umande, livike mfuko, likate, lipeleke pembeni, ulichome moto. Usilitupe zizini, maana samadi hurudi shambani. Kwa fugwe ya kichwa, ambayo hukaa udongoni, dawa ya mbegu peke yake haitoshi. Badilisha zao. Panda pamba, dengu au karanga kwa misimu kadhaa, ndipo urudishe mtama.

Mnaona kwamba hakuna hata moja katika haya linalohitaji maabara. Na bado kila moja linaingilia ile harusi. Kumbukeni nilivyosema: chembe moja peke yake haina madhara. Kila suke linalochomwa ni mamilioni ya wachumba walioondolewa njiani. Kila gunia la sokoni linaloishia jikoni badala ya shambani ni ukoo mgeni ambao haukufika kwenye ngoma. Hatuwezi kuubadili urithi wa ukungu, lakini tunaweza kuunyima nafasi ya kukutana.

Na kwa haki yake, tuseme pia kwamba kiumbe huyu ametufundisha. Mwanasayansi wa Uingereza, Robin Holliday, aliitumia fugwe ya mahindi kuchunguza jinsi nyuzi za urithi zinavyopishana na kubadilishana vipande, na mwaka 1964 akaeleza umbo la makutano yao, ambalo mpaka leo hubeba jina lake katika vitabu vya elimu ya viumbe. Kinachotuharibia mtama Kishapu ndicho kilichosaidia dunia kuelewa jinsi urithi unavyochanganyika kwa viumbe vyote, nasi tukiwemo.

Mama yangu hakusoma habari za kufuli a wala kufuli b. Nilipomweleza kwa Kisukuma kadiri nilivyoweza, alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: kama nimekwisha kuacha kununua mtama ule. Mwaka ule alichoma masuke mengi, akalima dengu kwenye kipande kilichoharibika zaidi, na mbegu ya mtama akaipata kwa jirani aliyezalisha chini ya ukaguzi. Sasa ana vyombo viwili nyumbani, kihenge cha chakula na mtungi wa mbegu, na wajukuu wamekatazwa kujichora masharubu.

Siku ninaondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipokaribia akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, ukija tena niletee sukari. Mbegu niachie mwenyewe."